Kushoto kwa Mheshimiwa

Nchi yetu ipo, msiwe na shaka. Jina lake sitalitaja, kwa sababu huku kwetu hakitajwi kitu kisicho na namba, na namba ya nchi bado iko kwenye kamati. Tuseme tu ni nchi nzuri, ina milima, ina redio, na ina Wizara ya Namba na Afya. Zamani iliitwa Wizara ya Afya na Namba. Siku walipobadilisha mpangilio wa maneno tulipiga makofi kama kawaida, tukarudi nyumbani kupika.

Mimi nilielewa maana ya mabadiliko hayo siku mfuko wa binti yangu ulipokauka.

Binti yangu anaitwa Hidaya, yuko kidato cha pili. Figo yake ya kushoto ilizibwa na jiwe, mkojo ukakosa pa kupita, na daktari akamtoboa mgongoni akapitisha mrija mwembamba hadi ndani ya figo. Mrija huo unamwaga mkojo kwenye mfuko wa plastiki ambao Hidaya anaufunga pajani, chini ya sketi ya shule. Haukai milele. Kila baada ya miezi michache lazima ubadilishwe, na ukiziba ubadilishwe haraka, la sivyo mkojo unarudi nyuma, figo inaoza na sumu inaingia kwenye damu. Hayo ni maneno ya Daktari Mlimuka, ambaye husema mambo ya kutisha kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Asubuhi hiyo mfuko ulikuwa mkavu kabisa. Hidaya alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi na jua limeshawaka.

"Mama, usinikodolee macho hivyo," akaniambia. "Unanitisha kuliko ugonjwa."

Nikamvalisha, tukaenda Hospitali Kuu.

*

Kwa wasomaji wa nje ya mipaka yetu, nieleze kidogo kuhusu namba.

Kila tendo la daktari lina namba yake. Kuweka mrija wa figo kuna namba, kuubadili kuna nyingine, kuutoa kuna nyingine, na kuutazama tu kwenye mashine bila kuugusa nako kuna namba. Mfuko wa Bima unalipia namba, haulipii watu. Hapo mwanzo daktari alitenda kwanza, kisha ofisa aitwaye Mtaja Namba akaangalia kilichotendwa na kutaja namba yake. Ulikuwa utaratibu wa kizembe. Serikali ikaunda tume ichunguze kwa nini namba na matibabu havilingani, na tume, baada ya kusafiri nchi nyingi zenye hoteli, ikagundua kwamba namba zote zilikuwa sahihi. Waliokosea walikuwa wagonjwa.

Waziri akatangaza mageuzi redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu mno namba imekuwa ikitembea nyuma ya kisu kama mtumwa. Kuanzia leo namba inatangulia. Tendo litaifuata namba, na mwili utalifuata tendo. Mwili utakaokaidi utahesabiwa kuwa umekataa huduma kwa hiari yake."

Tulipiga makofi tena.

Tangu hapo Mtaja Namba huingia chumba cha upasuaji kabla ya daktari. Boksi la glavu liko kwenye kabati lake na ufunguo uko shingoni mwake. Mgonjwa akishalazwa, Mtaja Namba hutaja namba iliyopo kwenye faili, hunyoosha mkono juu ya upande unaohusika, kisha hufungua kabati. Daktari hutoboa pale mkono ulipoelekea. Asipotoboa, glavu zinarudi kabatini.

Na ili kusiwe na mabishano kuhusu kulia na kushoto, waraka ulifafanua: kulia ni kulia kwa mwenye cheo cha juu zaidi chumbani, na kushoto vivyo hivyo. Chumbani mwenye cheo ni Mtaja Namba. Mgonjwa hana cheo, amelala tu.

Kuna sharti moja la mwisho, ambalo hata watoto wa chekechea wanalijua: mtumishi wa umma akiwa kazini hampi mgongo Mkubwa wa nchi. Picha ya Mkubwa iko kila chumba, na popote ilipo, ofisa husimama akiielekea.

Mnaona jinsi ilivyopangwa vizuri. Mimi nina diploma ya ugavi, nimepanga maghala ya shule za serikali, na sijawahi kuona mpangilio usioacha nafasi hata ya mtu kupumua kama ule.

*

Wodini walitupa kitanda kando ya Mzee Kihombo, mwalimu mstaafu mwenye mrija kama wa Hidaya. Mkewe, Bi Tunu, alikuwa anammenyea chungwa.

"Karibuni," akasema Bi Tunu. "Ninyi ni nani?"

"Mimi ni Mama Hidaya."

"Namaanisha namba yenu. Sista haiti majina."

Ni kweli, kwa sababu nesi alitokea mlangoni na kuuliza, "Badili-Kushoto ni nani hapa?" Hidaya akainua mkono kwa shida. "Kesho asubuhi," nesi akasema. "Leo Mtaja Namba ana semina."

Daktari Mlimuka alikuja mchana. Alimgusa Hidaya mgongoni upande wa kushoto, na mwanangu akauma mto. Daktari akanivuta hadi kwenye korido, akaangalia huku na huku.

"Mama Hidaya, mrija umeziba na ameanza kupata homa ya sumu. Kesho asubuhi ndiyo mwisho wa kusubiri. Lakini kuna jambo jingine."

"Sema."

"Ulipowekwa mrija mara ya kwanza, picha ya Mkubwa ilikuwa ndogo, ukuta wa upande wa kichwani. Mtaja Namba alisimama miguuni, akiangalia kichwani. Binti alilala kifudifudi. Kushoto kwa Mtaja Namba na kushoto kwa binti kukawa upande mmoja. Akataja kushoto."

"Na ni kushoto."

"Ilikuwa. Sikukuu ya taifa ikaletwa picha mpya, kubwa kama mlango. Ukuta wa kichwani una mabomba ya hewa, haikuenea. Wakaitundika ukuta wa miguuni. Sasa Mtaja Namba anasimama kichwani, akiangalia miguuni."

Nikageuza mikono yangu hewani, nikajaribu kumfikiria mwanangu amelala tumbo chini na mtu amesimama kichwani pake akiangalia nyayo zake. Nilipopata jibu nikaishusha.

"Atanyoosha mkono kwenye figo nzima," nikasema.

"Ndiyo."

"Na wewe utafanya nini?"

Daktari aliangalia mikono yake. "Nitaitoboa."

"Na ile mbovu?"

"Haitakuwa na namba."

Nilimkazia macho. Akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuagiza chai, kwamba mwenzake aliyewahi kumfuata mgonjwa badala ya namba amepelekwa mpakani kupima joto la ng'ombe. Anasema wanaelewana vizuri sana. Ila wagonjwa wake wa hapa hawakupata daktari mwingine, na wawili kati yao hawapo tena.

Nilitaka kumzaba kibao. Lakini mtu atakayemshikia mwanao sindano kesho humzabi kibao leo.

*

Semina ya Mtaja Namba ilikuwa inafanyika ofisini kwake, naye alikuwa peke yake ndani yake. Bwana Lugwisha ni mwanamume safi, kucha fupi, ufunguo shingoni. Foleni ilikuwa ndefu kwenye benchi. Zamu yangu ilipofika nilieleza kwa ufupi, kama ninavyoeleza upungufu wa magodoro.

"Mama, unadai figo ya mtoto imehama?" akauliza.

"Haijahama. Wewe ndiye uliyehama."

"Ofisa hahami. Ofisa huhamishwa, na barua ya uhamisho sijapokea."

"Mheshimiwa, zamani ulisimama miguuni. Sasa unasimama kichwani."

"Ninasimama mbele ya Mkubwa. Siku zote nimesimama mbele ya Mkubwa."

"Basi kesho, dakika moja tu, geuka."

Kalamu yake ilisimama. "Unaniomba nimpe Mkubwa mgongo?"

Nyuma yangu nilisikia benchi likilia. Nilipogeuka, watu wote waliokuwa wamebanana nami walikuwa wamesogea hadi ncha ya mwisho. Mama mmoja alikuwa amefunika masikio ya mtoto wake.

"Sikusema hivyo," nikasema.

"Nami sikusikia," akasema Bwana Lugwisha, kwa upole. "Nitakushauri kama ndugu. Kuna ombi la kuhamisha ugonjwa upande. Likikubaliwa, figo ya kulia inakuwa ndiyo mbovu, na kila kitu kinalingana."

"Ila yenyewe ni nzima."

"Itakuwa imetobolewa, mama. Haitakuwa nzima muda mrefu."

Alisema hivyo akinifariji. Naapa alikuwa ananifariji.

"Na kitanda?" nikauliza. "Mtoto akilazwa kichwa kule na miguu huku?"

"Kitanda kimefungwa sakafuni kwa nati, na Mkubwa mwenyewe alikikatia utepe kikiwa hivyo hivyo. Kichwa kina upande wake. Anayefuata."

*

Jioni homa ilipanda. Hidaya aliongea na ukuta, akamwita marehemu bibi yake, kisha akarudi akanitambua.

"Watanitoboa hii?" Aliweka kiganja mgongoni upande wa kulia.

"Nani amekwambia?"

"Mama, korido ina masikio na wewe huwezi kunong'ona. Leta kalamu. Niandikie hapa SI HAPA."

Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika kwenye ngozi ya mwanangu kwa herufi kubwa. Mzee Kihombo aliinua kichwa kitandani kwake akakagua.

"Herufi P imepinda," akasema. "Halafu watazifuta. Mwezi uliopita mmoja alijiandika. Walisema maandishi mwilini ni nyaraka bandia."

"Mwalimu, nyamaza," Bi Tunu akamwambia.

"Nasema tu wasije wakamshtaki mtoto."

Nesi alizifuta kwa spiriti kabla hajazima taa. Hakuwa mtu mbaya. Alifuta taratibu, akamwomba Hidaya msamaha, akaita namba yake kwa sauti ya chini kama mtu anayeita jina la kipenzi.

*

Asubuhi walimtoa wodini kwa kitanda cha magurudumu. Waliniruhusu kufika kwenye mlango wa kioo. Ndani, mgonjwa wa kwanza alikuwa anamaliziwa, mtu aliyekuja kutibiwa mguu. Nilimwona Mkubwa ukutani, mkubwa kama mlango kweli, akitabasamu kwa meno yote. Na nikaona anachotabasamia. Mbele ya uso wake, karibu kabisa na kidevu, zilisimama nyayo za yule mgonjwa, wazi, zenye magaga, zikimwelekea.

Nilimwambia Hidaya, "Narudi sasa hivi." Akasema, "Usiende kugombana." Nikamwambia sigombani, naenda kuonya kama raia.

Mkurugenzi wa hospitali, Bwana Chondoma, alikuwa anakunywa chai ya maziwa. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mheshimiwa, nina wasiwasi na wewe."

"Na mimi?"

"Mle chumba cha upasuaji, kila siku, watu wanamwonyesha Mkubwa nyayo."

"Nyayo gani?"

"Za miguu. Zinafika kidevuni. Za leo zina magaga, mimi mwenyewe nimeona haya."

Alikiweka kikombe kwenye kisahani, na vyote viwili vikaendelea kulia. "Nani mwingine ameona?"

"Mpaka sasa, mimi. Ila mtaani kwetu wananijua, sina mdomo wa kufunga."

"Tangu lini nyayo ziko pale?"

"Tangu sikukuu ya taifa, Mheshimiwa."

Alihesabu kitu kichwani, nadhani wagonjwa, na kila mgonjwa mara miguu yake. "Kitanda kigeuzwe."

"Kilikatiwa utepe na Mkubwa mwenyewe."

"Ndiyo. Ndiyo, kilikatiwa." Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, asante. Umeniokoa. Ukitoka usikimbie, watu watauliza."

Mafundi walikata bomba moja la hewa, ambalo baadaye ilielezwa kuwa halikuwa na namba. Bwana Chondoma alishika misumari mwenyewe. Picha ikatundikwa ukuta wa kichwani, imepinda kidogo, tabasamu likielekea dirishani.

Kisha wakamwingiza mwanangu.

Nilibandika uso kwenye kioo. Walimlaza kifudifudi, wakafunua mgongo wake, ambao bado ulikuwa na kivuli cha wino. Bwana Lugwisha akaingia, akamtafuta Mkubwa ukutani, akamkosa, na kwa mara ya kwanza nikaona hofu kwenye uso ule safi. Akazunguka kama kifaranga. Akamwona. Akashusha pumzi, akatembea hadi miguuni pa kitanda, akasimama wima.

"Badili mrija, figo, kushoto," akatamka.

Mkono wake wa kushoto ukanyooka. Ulitua juu ya upande mbovu.

Daktari Mlimuka alipokea glavu kwa haraka kama anaiba. Mrija wa zamani ukatoka, mpya ukaingia, na kwenye mfuko ukaanza kutiririka mkojo mzito kama uji wa ulezi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilikaa sakafuni pale pale, nikalia kimyakimya, maana kulia kwenye korido nako kuna namba.

*

Nilikuwa bado chini nilipoona viatu vya Bi Tunu.

"Mama Hidaya, wanasema picha imehamishwa."

"Imehamishwa."

"Upande gani?"

Nikamwambia. Akashika ukuta. "Mwalimu namba yake ilitajwa mwezi uliopita," akasema. "Picha kubwa ilikuwa tayari kule miguuni. Yake ilikuwa inalingana. Sasa watamtoboa upande mzima."

Mzee Kihombo alikuwa ameshafikishwa mlangoni kwenye kitanda cha magurudumu, anasoma gazeti la zamani kwa utulivu wa mtu aliyehakikishiwa. Alikuwa anafuata.

Ningeweza kunyamaza. Nasema kwa sababu nilifikiria. Wangu alikuwa ameshapona, na kurudi kwa Mkurugenzi mara ya pili asubuhi ile ile ni kutafuta mpaka na ng'ombe wake. Bi Tunu hakuniomba kitu. Alianza tu kukunja ganda la chungwa lililokuwa mfukoni mwake, akalikunja tena.

Nikarudi kwa Bwana Chondoma.

"Ni nini tena?" alisema, tayari amesimama.

"Utosi, Mheshimiwa. Nyayo zimeondoka, sasa wanamwelekezea utosi. Kama kondoo anayetaka kumpiga kichwa. Anayeingia sasa hivi ana upara, na unang'aa."

Alifumba macho. Alikuwa kama mtu anayeomba dua. Kisha akaita mafundi.

Mzee Kihombo alitobolewa mahali pake. Lakini wodi ya figo haina siri, na saa ya kuona wagonjwa ilipofika raia wengi walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwa Mkurugenzi, kila mmoja na onyo lake la kizalendo. Mmoja alisema Mkubwa anapigwa na upepo wa dirishani. Mwingine alisema taa inamchoma macho. Picha ilivuka chumba, ikarudi, ikavuka. Kuta zikawa na matundu kama ungo. Na siku ile yote hakuna aliyetobolewa figo isiyo yake, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu mageuzi.

*

Jambo kama hilo haliwezi kupita bila kugunduliwa. Wizara iliona kwenye takwimu kwamba siku moja malalamiko yameshuka, ikashtuka, ikatuma wachunguzi.

Waziri alizungumza redioni tukiwa nyumbani. Hidaya alikuwa amekaa mkekani, mfuko wake umejaa vizuri, anakula wali na mchicha kama mtu wa kawaida.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "tumebaini kwamba katika hospitali moja Mkubwa alikuwa ukuta mmoja tu. Kuta nyingine zilikuwa tupu. Tunaomba radhi. Kuanzia wiki hii, Mkubwa atakuwa kuta zote nne, kwa zege, asihamishike. Baadhi wameuliza, je, Mtaja Namba asimame vipi bila kumpa mgongo? Serikali yenu sikivu imelitafakari. Mtaja Namba hatasimama. Atazunguka. Atazunguka taratibu na kwa adabu katikati ya chumba, ili mgongo wake usimkalie Mkubwa mahali pamoja, huku akitaja namba. Atakaposimama, atanyoosha mkono."

Nje, majirani walikuwa wanapiga makofi. Nami nilipiga, dirisha lilikuwa wazi.

Hidaya aliacha kula. Mrija ule ni wa miezi michache, yeye anajua kama ninavyojua. Aligusa mgongo wake, kushoto kwanza, kisha kulia.

"Mama," akasema, "siku yangu ikifika, yule Mtaja Namba atasimama akiangalia wapi?"

Nilimwongezea mchicha.

"Popote atakapopata kizunguzungu," nikamwambia. "Kula."